Siku Tulipoogea Kombe la Mama Mdogo

Harufu ya zafarani iliyochanganywa na marashi ya mawaridi haijawahi kunifanyia hisani. Wengine wakiisikia wanakumbuka maulidi, harusi na pilau. Mimi nautafuta mlango. Juzi nilikwenda kwa jirani yangu hapa Quitunda kuazima chekeche la unga, nikamkuta amepakata sahani nyeupe iliyoandikwa aya kwa wino wa zafarani, anazisuuza kwa maji kidogo kidogo na kuyamimina kwenye chupa. Lilikuwa kombe la mjukuu wake, mtoto ana homa haimwachi. "Karibu, mwenzangu, ingia," akaniambia kwa uchangamfu wake wote. Chekeche nililiacha palepale. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, na njia nzima nilikuwa nagombana kimoyomoyo na mtoto wa kike wa miaka tisa, ambaye siwezi kumchapa kwa sababu ndiye mimi.

Nimeshakuwa bibi sasa. Nina wajukuu watatu, na kukiwa na joto kazi yao ni moja: kufungua bomba la uani na kurushiana maji mpaka ua wote unakuwa tope. Kazi yangu nami ni moja, kuwapigia kelele. "Vovó, calor!" wananiambia, yaani bibi, joto, kana kwamba limewashukia wao peke yao na sisi wengine tunakaa kwenye barafu. Na kuna mtu wa tatu ambaye kazi yake ni kunikera. Ni mama mdogo wangu Atija, mdogo wake marehemu mama, ninayekaa naye tangu utotoni, hata tulipohamishiwa huku kwenye nyumba za matofali. Anakaa kizingitini, miguu ameinyoosha, ananiambia, "Waache." Nikimwonesha nguo nilizofua asubuhi zilivyorushiwa matope, anasema, "Zitakauka." Nikimwambia maji yanapotea, anasema, "Yanakwenda wapi? Si yapo hapo chini?" Mtu kama huyo utamfanya nini?

Yeye hakujua kwa nini nachukia michezo ya maji. Hakujua mpaka juzi.

Kijiji chetu cha zamani kilikuwa ufukweni kabisa, mahali ambapo leo pana uzio na geti la kampuni iliyotuhamisha, na huingii bila kadi shingoni. Bahari ilikuwa mlangoni, na bado joto la miezi ile kabla ya mvua lilitukaanga. Mchanga wa uani ulichoma nyayo, kuku walilala chini ya vitanda, na ukilala mkekani mchana unaamka mkeka umejichora mgongoni. Mtu asiyejua atauliza, si mngekwenda kuoga baharini? Asubuhi ndiyo, na alasiri ndiyo. Jua likiwa utosini, marufuku. Bibi alisema saa hiyo wenyewe wa bahari wameanika vitu vyao ufukweni, na mtoto akiwakanyagia wanaondoka naye. Halafu saa za mchana mara nyingi maji yalikuwa yamekupwa, yako kule mbali, na vidimbwi vilivyobaki nyuma vilikuwa na moto wa kutosha kupikia uji.

Kwa hiyo tulicheza uani, na mimi ndiye niliyekuwa fundi mkuu. Nilitoboa kopo la maziwa ya unga kwa msumari, matundu kama ishirini, nikalitungika kwenye tawi la mpera kwa kamba ya kumbi. Mmoja anamimina maji juu, wengine wanakaa chini wanapiga kelele. Mchezo huo tuliuita mvua. Tulikuwa na mabua ya mpapai ya kupulizia povu, na vifuu vya nazi vya kumiminiana, chako kikijaa unapitisha kwa mwenzako, atakayemwaga anatoka. Michezo ilikuwa mizuri. Ubaya wake ulikuwa maji yenyewe. Ya kunywa yalifuatwa kwenye kisima cha mbali, mwendo wa kutoka jasho mara mbili, na ole wako uyaguse. Sisi tulipewa ndoo moja ya kisima cha karibu, maji ya chumvichumvi ya kuoshea vyombo, yameshinda juani, vuguvugu. Ukiyaoga yanakukauka mwilini na kukuacha unanata na kuwasha.

Watoto niliokabidhiwa walikuwa wanne. Momade, mdogo wangu wa kunifuata, miaka sita. Ancha, binti wa mjomba, mdogo wa umri na mkubwa wa mdomo, tayari anasoma Kurani chuoni kwa mwalimu na kila jambo anajua mwalimu kasemaje. Na mapacha wa jirani, ambao kwa kuwa walikuwa wawili walilia kwa zamu na hakukuwa na dakika ya kupumua. Mama na wanawake wenzake walikwenda machamba kulima au kuokota chaza maji yakipwa, na kila siku Bibi alipokuwa akiondoka na kikapu chake alinipa amri zilezile.

"Zaina, hao watoto wachezeshe maji wasilie. Pwani wasende. Mama Mdogo wako kalala, wasimwamshe. Nkubwa ndo wewe."

Mkubwa ndiye mimi! Miaka tisa! Nikikumbuka neno lile hadi leo nataka kumwamsha Bibi kaburini tujadiliane vizuri. Watoto wanne, ndoo moja, jua lile, na mgonjwa ndani.

Mama Mdogo hakuwa mgonjwa wa homa. Alikuwa amekuja kwetu kulea mimba, na ilikuwa ya tatu. Ya kwanza ilimtoka ikiwa changa. Ya pili aliifikisha, akajifungua mtoto ambaye hakulia. Sasa ya tatu ilikuwa imeingia mwezi wa nane, na mama mkwe wake alikuwa amefunga safari kutoka Nhica kuja kukaa siku mbili barazani kwetu na kutamka mbele ya watu, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kwamba mwanawe hatazeeka bila mtoto, na safari hii mambo yakienda kama zile mbili atamtafutia mke mwingine. Mumewe alikuwapo. Aliangalia miguu yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nachambua mchele pembeni na nilielewa kila kitu, maana watu wazima wakiona mtoto anachambua mchele wanadhani masikio nayo yanachambua.

Ndipo Bibi alipomwita mwalimu, akaandika kombe. Hakuandika la siku tatu wala saba. Aliandika sahani baada ya sahani, zikasuuzwa kwa maji matamu na marashi, yakajaa mtungi. Mama Mdogo alitakiwa anywe kila alfajiri kwa siku ishirini na moja, ameelekea kibla, peke yake, kabla hajasema na mtu. Mtungi usikae chini. Maji yake yasimwagwe njiani watu wakakanyaga. Yakibaki yatiwe kwenye shina la mti. Mtungi ukawekwa juu ya kigoda kwenye kona ya giza chumbani kwa Bibi, ukafunikwa kwa sahani. Ndio uliokuwa mtungi wa udongo pekee uliobaki nyumbani, kwingine kote tulishahamia kwenye madumu ya plastiki.

Na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu hakuna mtu aliyenieleza. Madumu yetu yote maji yake yalikuwa ya moto. Mtungi ule ulikuwa unatoa jasho kwa nje, na ukiugusa mkono unasisimka. Nikamuuliza Bibi mbona huu una baridi.

"Maneno ya Mwenyezi Mungu yamo humo," akasema, akapita zake.

Angeniambia tu udongo unapoza maji! Kila mtu anajua udongo unapoza maji. Lakini mimi nilizaliwa kwenye plastiki, nikachukua jibu lile kama lilivyo. Nikaamini maneno ya Mungu ni ya baridi, na kwamba maji yoyote ukiyaandikia aya yanapoa. Nilimwona mwalimu akipita na kanzu yake juani nikawa namwonea wivu, nikidhani ndani ya mwili ule uliohifadhi juzuu thelathini hakuna joto kabisa.

Siku yenyewe upepo haukuwapo. Momade alikuwa na vipele vya joto mgongo mzima na shingoni, amejikuna mpaka vinatoa damu. Nikatungika kopo, nikamimina maji ya ndoo, na yale maji ya chumvi yalipogusa vile vidonda mtoto akapiga yowe ambalo nilijua litamwamsha Mama Mdogo, litafika machamba, litavuka mto mpaka Tanzania.

"Yanauma! Dada, yanauma!"

Nikamziba mdomo kwa mkono. Mapacha wakaanza nao, mmoja kisha mwingine. Ancha akasema, "Bibi atakuchapa." Nilisimama pale uani, nywele zinaniwaka, na katika akili yangu lilikuwa wazo la busara kabisa: kikombe kimoja. Cha Momade tu. Maneno ya Mungu yaliandikwa kuponya, na huyu naye anaumwa.

Nikaingia kwa kunyata, nikachota, nikatoka, nikamimina kwenye kopo. Momade alinyamaza katikati ya kilio. Alinyamaza hivi, mdomo wazi, mabega yameshuka. Halafu akasema polepole, "Tena."

Nani angemkatalia? Nikachota cha pili. Mapacha wakasogea chini ya kopo. Cha tatu. Ancha mwenyewe, mwanachuoni wetu, akaingiza kichwa, akatoka ananukia kama bibi harusi. Maji yale yalikuwa na rangi ya manjano hafifu, yakipita kwenye matundu ya kopo yanang'aa, na yalikuwa baridi, baridi kweli, baridi ambayo sijaionja tena hata kwenye friji. Nikaoga na mimi. Nikaona kwenda na kurudi na kikombe ni ujinga, nikaingia nikaubeba mtungi mzima. Ulikuwa unateleza kwa jasho lake. Nikafika nao chini ya mpera, pacha mmoja akanikumbatia mguu kwa furaha, na mtungi ukanitoka.

Haukuvunjika. Ulilala ubavu kwenye mchanga, ukatoa yote yaliyobaki kwa mkoromo mmoja. Wale watoto, badala ya kulia, wakashangilia. Wakarukaruka kwenye lile tope la manjano, wakajipaka matumbo, wakapakana. Mimi mwenyewe niliruka mara mbili au tatu, nasema kweli yangu, kabla Ancha hajasimama ghafla.

"Dada Zaina. Haya si ndo ya kombe?"

Niliinama kuuinua mtungi.

"Mwalimu kasema anayekanyaga aya, miguu inamgeukia nyuma."

Wote wanne wakainama kuangalia miguu yao. Momade akainua mguu mmoja, akaushusha, akatembea hatua mbili kwa tahadhari, akasema kwa sauti ndogo, "Wangu umeanza."

Maji yakimwagika hayazoleki, walisema wahenga. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nikawaona wahenga wavivu. Niliyazoa. Nilifikiri hivi: maneno hayawezi kufa. Kama yametoka kwenye maji, basi yamo kwenye ngozi za hawa watoto, na kilichoingia kwa kumiminwa kitatoka kwa kumiminwa. Nikaleta beseni. Nikamsimamisha mmoja mmoja ndani yake, nikamsuuza kwa maji matamu ya dumu la kunywa, lile lisiloguswa, kichwani, kwapani, katikati ya vidole, na kila mmoja nilimwambia aseme Bismillahi ili yatoke kwa adabu. Nikawakamua nywele. Nikazikamua kaptula. Mchanga nilioweza kuukusanya nikauosha pia. Kisha nikayachuja yote kwa kanga ya Bibi, mara tatu, nikayarudisha mtungini.

Yalikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa watoto. Nikaingia jikoni nikachukua manjano ya kupikia, nikatia kidogo, nikakoroga kwa mkono. Rangi ikakubali. Harufu haikukubali, ilinuka mchuzi. Nikaufunika kwa sahani, nikaurudisha kwenye kigoda, nikawaapisha wote wanne kwamba atakayesema, mdomo utamgeukia kisogoni kwenda kuifuata miguu. Hata Ancha aliapa. Ndiyo mara pekee maishani mwake aliyofunga mdomo, na ilibidi iwe mara hiyo.

Asubuhi zilizofuata niliamka kabla ya kila mtu. Nilikuwa nachungulia kwenye ufa wa mlango. Mama Mdogo alikuwa anatoka na kikombe, tumbo mbele, mkono kiunoni, anazunguka nyuma ya nyumba kwenye upande wa kibla, na baada ya muda anarudi anapangusa midomo kwa ncha ya kanga. Kila siku nilimsubiri aseme kitu. Atamwambia Bibi, haya maji vipi? Atatema, atauliza nani kayagusa, nami nitachapwa, na mwalimu ataandika mengine, na mambo yatakwisha. Nilivitamani viboko vile. Hakusema neno. Siku ya ishirini na moja Bibi alipindua mtungi, akaona umekwisha, akamwambia, "Ahsante, mwanangu, umevumilia." Mimi nilikuwa nyuma yao, nimeshika ufagio, na maneno yalinijia mpaka kwenye meno yakarudi.

Mtoto alizaliwa wa kike. Alilia, wanawake wakapiga vigelegele, nami nilifurahi kupita wote kwa sababu nilidhani nimesamehewa. Aliishi siku tatu. Siku ya nne asubuhi niliamshwa na sauti ya Mama Mdogo, sikutaka kutoka ndani. Hata jina la kisomo hakuwa amepewa. Waliporudi kutoka kuzika, wanawake walikaa mkekani, na mmoja wao akasema, "Kombe lote kalimaliza, maskini. Hata tone hakubakisha." Mwingine akajibu, "Basi si jambo la kombe."

Lilikuwa la kombe. Mimi ndiye niliyejua. Niliamini nimemuua mtoto wa mama mdogo wangu, nasema hivyohivyo, sina namna ya kulipamba. Mke wa pili wa mumewe aliolewa kabla ya Ramadhani. Mama Mdogo alirudi kwetu na sanduku moja, hakuolewa tena, hakuzaa tena. Na kama hilo halikutosha, mama yangu alipofariki ni yeye aliyenichukua. Alinisuka, alinitafutia daftari za escola, yaani shule, alinigawia kichwa cha samaki kwa kuwa nakipenda. Nyie hamjui adha ya kupendwa na mtu uliyemwangamiza. Kila jema alilonitendea lilinichoma, nikawa mkali kwake bila sababu, na yeye akasema, "Huyu ana hasira kama babu yake," akanipikia tena.

Nilipokuwa mtu mzima akili iliniambia kwamba kichanga hafi kwa maji ya manjano aliyokunywa mama yake. Nilizaa wanne mwenyewe, nikaona vichanga vya watu vikiondoka kwa homa, kwa kitovu, kwa kituo cha afya kuwa mbali. Akili ilisema yote hayo. Moyo haukumsikiliza mtu. Na maji sikuyachezea tena, wala sikuwachezesha wanangu, wala wajukuu, na nilijenga sifa ya kuwa mwanamke mchoyo wa maji kuliko wote kutoka hapa mpaka Diaca.

Basi juzi nimetoka kwa jirani bila chekeche, nafika nyumbani, nakuta bomba liko wazi, watoto uchi, tope, na yeye kizingitini.

"Chekeche li wapi?" akaniuliza.

"Sikuchukua. Wanaosha kombe kule."

Akakunja uso. "Na harufu yake umekuja nayo. Kaa kule kwanza."

Nilisimama pale, jua kichwani, mjukuu ananimwagia maji miguuni, na nikachoka. Sikuwa nimepanga. Nilichoka tu, kama unavyochoka kushika kitu ukakiachia. Nikamwambia yote kwa mkupuo mmoja: Momade na vipele, kopo, mtungi, beseni, kaptula, manjano ya kupikia. Nilisema nikiangalia bomba. Nikamwambia, "Mama, uliyokunywa siku zile yalikuwa maji tuliyoogea. Mimi ndiye niliyekuharibia kombe. Mimi ndiye."

Nilipogeuka nilimkuta anahesabu kwa vidole.

"Ilikuwa siku ya ngapi?"

"Ya ngapi nini?"

"Ya kombe. Mlipoliogea."

"Ya tano. Au ya sita. Mama, umenisikia nilichosema?"

"Nimekusikia, mimi si kiziwi." Akakunja vidole vyake. "Zaina. Mimi kombe lile sikunywa."

"Ulikunywa. Nilikuwa nakuona."

"Uliniona naenda nyuma ya nyumba. Siku ya kwanza nilipiga funda moja, nikatapika. Ile zafarani na yale marashi, na mimba ile, sikuweza. Siku ya pili hata mdomoni halikufika. Nilikuwa nalitia kwenye shina la mdimu, najipangusa, narudi. Siku zote ishirini na moja. Bibi yako kaniambia ahsante kwa kuvumilia, nikaitika." Akawaangalia watoto. "Yule ntoto nilimwangalia siku tatu. Nilipoona hanyonyi nikajua ni mimi. Dawa yake niliimwaga mwenyewe."

Nilikaa chini, kwenye tope, na gauni langu. Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia. Nilikasirika! Nilikasirika kama sijawahi. Karibu miaka arobaini, watu wawili, nyumba moja, chungu kimoja, kila mtu na maiti yake ileile ameificha chini ya kitanda chake!

"Mbona hukusema?" nilimpigia kelele, mpaka watoto wakafunga bomba wenyewe.

"Ningemwambia nani? Mama mkwe? Na wewe mbona hukusema?"

"Nilikuwa na miaka tisa!"

"Tisa ulikuwa nayo mwaka mmoja tu. Hiyo mingine?"

Tulikaa hivyo, yeye kizingitini, mimi chini, tumenuniana, watoto wametuzunguka wanatiririka maji. Alilia kidogo, akajifuta, akalia tena. Mimi nami nililia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Mjukuu mdogo akaja kunipangusa uso kwa mkono wenye matope, akanipaka mpaka masikioni.

Baada ya muda mrefu Mama Mdogo akaita, sauti yake ya kawaida, ile ya kuulizia chumvi imetosha au haijatosha.

"Momade vile vipele vyake, vilikuwaje?"

"Vipele?"

"Si ulisema alikuwa na vipele. Mlipommiminia."

Nilifikiri. Nilikuwa sijawahi kufikiria upande huo hata siku moja. Nikakumbuka mgongo wake usiku ule, nilivyoupapasa gizani nikitafuta kama Mungu ameanza kutuadhibu. Ulikuwa laini. Alilala bila kujikuna.

"Vilitulia," nikasema. "Palepale. Havikurudi mpaka mvua."

Mama Mdogo alivuta pumzi, akaiachia, akanyoosha miguu yake.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi kuna ntoto kombe lilimfaa."